Je, Mnyoo Anaweza Kumrithisha Mjukuu Alichojifunza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa kifupi: ndiyo au hapana?

Ndiyo, kwa masharti. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, ambaye akishakaa na bakteria fulani wa hatari huzaa watoto wanaowakwepa bakteria hao bila kuwahi kukutana nao. Lakini kinachopita hapo si kisa wala picha ya tukio. Ni amri moja tu: harufu hii, kaa mbali. Amri hiyo hudumu vizazi vichache kisha hufutika, na hata hivyo baadhi ya watafiti bado wanabishana kuhusu vizazi vya mbele.

Anayetarajia kusikia kwamba mnyoo anamsimulia mjukuu wake maisha yake, atatoka mikono mitupu.

"Kurithisha" kuna maana gani hapa?

Neno hili linabeba mambo manne, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. La kwanza ni kuiga: mdogo anamtazama mkubwa. La pili ni urithi wenyewe, unaopita ndani ya yai au mbegu ya kiume. La tatu ni kuhamisha kitu kutoka mwili mmoja hadi mwingine, kwa kumla mwenzako au kwa sindano ya maabara. La nne ni kumbukumbu kubaki katika kiumbe kilekile baada ya mwili wake kukatwa au kugeuka umbo.

"Mwana hutazama kisogo cha nina" ni jambo la kwanza. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" linakaribia la pili. Ukisoma habari yoyote kuhusu "kumbukumbu zinazorithiwa", uliza kwanza ni lipi kati ya hayo manne, kwa sababu ushahidi wa moja hauthibitishi jingine.

Si tulifundishwa shuleni kwamba mambo ya kujifunza hayarithiwi?

Mlifundishwa hivyo, na kwa sehemu kubwa ni kweli. August Weismann, mwishoni mwa karne ya 19, alitenganisha seli za uzazi na seli nyingine za mwili: linalotokea mkononi au kwenye ubongo haliandikwi upya kwenye yai. Yanayoelezwa kwenye ukurasa huu hayabadilishi herufi za DNA. Yanahusu namna jeni inavyowashwa au kuzimwa, na hasa vipande vidogo vya RNA (molekuli inayofanana na DNA) vinavyoweza kusafiri kutoka tishu moja hadi nyingine na kuingia kwenye yai. Ndiyo maana athari hufifia. Mabadiliko ya DNA yenyewe yasingefutika kirahisi namna hiyo.

Kwa nini kila mtu anamtaja C. elegans?

Kwa sababu anarahisisha kazi. Ana urefu wa milimita 1 hivi, mwili wake unapitisha mwanga, na kutoka yai hadi utu uzima huchukua takriban siku 3 kwenye nyuzijoto 20. Wengi wao ni huntha: mnyoo mmoja hujirutubisha na kutaga mayai yapatayo 300, kwa hiyo familia nzima huwa na jeni karibu sawasawa. Ana seli za neva 302 tu, na ramani ya jinsi zinavyoungana imeshachorwa. Aliyemwingiza kwenye maabara kama mnyama wa kuchunguzia jeni ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyechapisha kazi yake ya msingi mwaka 1974.

Ndani ya wiki mbili unaweza kuwa na mama, watoto, wajukuu na vitukuu. Jaribu kufanya hivyo kwa ng'ombe.

Jaribio lenyewe linafanywaje?

Jaribio linalotajwa zaidi lilitoka mwaka 2019 katika maabara ya Coleen Murphy, Chuo Kikuu cha Princeton. Bakteria wa hatari ni Pseudomonas aeruginosa wa aina iitwayo PA14. Bakteria wa kawaida, chakula cha kila siku cha mnyoo maabara, ni E. coli wa aina ya OP50.

Cha ajabu ni kwamba mnyoo asiyejua kitu huipenda PA14 kuliko OP50. Huifuata harufu yake, huila, kisha huugua. Saa 4 zinatosha kumfunza yeye mwenyewe aikwepe. Ili kupima urithi, hatua ni ndefu zaidi:

1. PA14 hupandwa kwenye sahani za agari na kukuzwa kwa siku 2 kwenye nyuzijoto 25. Sahani za OP50 huandaliwa sambamba kwa kundi la kulinganishia.
2. Minyoo walio katika hatua ya mwisho ya utoto huwekwa juu ya bakteria hao kwa saa 24. Wakitoka hapo ni watu wazima wenye mayai.
3. Baadhi hupimwa. Waliobaki huyeyushwa kwa mchanganyiko wa hipokloriti (kemikali iliyomo kwenye jiki) na soda kali. Mwili huisha, bakteria hufa, mayai hubaki kwa kuwa yana ganda.
4. Mayai huoshwa na kuwekwa kwenye OP50 peke yake. Watoto hukua bila kuiona PA14.
5. Siku ya kupima, sahani ndogo huwekwa tone la OP50 upande mmoja na tone la PA14 upande wa pili, takriban mikrolita 25 kila moja. Minyoo huachiwa katikati kwa saa 1.
6. Huhesabiwa wangapi wameenda wapi. Tofauti ya pande mbili hugawanywa kwa jumla, ukapata namba kati ya -1 na 1.

Hatua ya 3 ndiyo inayobeba jaribio. Bila kuua bakteria wote, watoto wanaweza kuangua juu ya mabaki ya PA14 na kujifunza wenyewe, halafu wewe ukaita hilo urithi. Mchanganyiko ukikaa muda mrefu mno, mayai nayo hufa, na wachache wanaopona si kundi la kawaida tena.

Matokeo ya Princeton: watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe waliikwepa PA14. Vilembwekeza, yaani kizazi cha tano, walirudi kuipenda kama yule mnyoo wa kwanza kabla hajafunzwa.

Kwa nini watoto peke yao hawatoshi kuwa ushahidi?

Kwa sababu mama alipokuwa kwenye PA14, mayai yalikuwa tumboni mwake. Mtoto naye "alikuwepo". Tena ndani ya kiinitete mna seli zitakazokuja kumzaa mjukuu. Kwa hiyo mama, mtoto na sehemu ya mjukuu wote waliguswa na hali ileile kwa pamoja. Ukitaka kuwa mkali katika hesabu, urithi usio na shaka unaanzia kwa kitukuu. Makala nyingi za magazeti hushangilia kizazi cha kwanza na kuishia hapo.

RNA inaingiaje katika habari hii?

Mwaka 2020 kundi lilelile lilionyesha kwamba PA14 inatengeneza kipande kidogo cha RNA kinachoitwa P11. Mnyoo anapokula bakteria, P11 humezwa pamoja nao. Katika P11 kuna mfuatano wa herufi 16 unaolingana na jeni ya mnyoo iitwayo maco-1. Mitambo ya mnyoo ya kuzimisha jeni kwa kutumia RNA hushika mfanano huo, hupita kwenye seli za uzazi, na maco-1 hupungua kazi. Kisha jeni nyingine, daf-7, huwashwa zaidi katika jozi ya neva za kichwani ziitwazo ASI. Hapo ndipo kuvutwa hugeuka kukwepa.

Mitambo hiyo ya RNA ndiyo iliyowapa Andrew Fire na Craig Mello Tuzo ya Nobel mwaka 2006, kwa kazi waliyoichapisha mwaka 1998 juu ya mnyoo huyuhuyu.

Kuna jambo hapa ambalo halisemwi vya kutosha. E. coli asiye na madhara, akitiwa P11, anatosha kuwafanya minyoo na wazao wao waikwepe PA14 ingawa hakuna aliyeugua. Je, huko bado ni "kujifunza"? Kwa maoni yetu, kunafanana zaidi na kusoma lebo ya sumu kuliko kuonja sumu. Ni urithi wa taarifa, sawa. Lakini taarifa hiyo imetoka kwenye chakula, haikutoka kwenye uzoefu wa ubongo.

Kwa nini maabara nyingine hazikupata matokeo hayo?

Mwaka 2025 kundi la Craig Hunter wa Harvard lilichapisha kwamba liliona ukwepaji kwa mama, mara nyingine kwa watoto, lakini halikuuona kwa wajukuu. Mwaka huohuo kundi jingine huru, la Chuo Kikuu cha Illinois State, likaripoti kuwa limeupata hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo suala la vizazi vya mbele halijafungwa.

Ubishi mkubwa uko kwenye kitu kidogo: jinsi ya kuwazuia minyoo wasihame baada ya kuchagua. Princeton hudondosha kiasi kidogo cha kemikali ya kupooza, iitwayo sodiamu azidi, kwenye kila tone la bakteria. Mnyoo akifika, anapooza palepale, na chaguo lake la kwanza linahesabiwa. Ukitumia baridi badala yake, minyoo wana muda wa kuonja PA14, kuugua na kuondoka kabla hujawagandisha, na hapo unapima kitu kingine kabisa.

Vingine vinavyoharibu jaribio: joto la kukuzia bakteria (PA14 aliyekuzwa kwenye nyuzijoto 15 hafanyi kazi ileile), minyoo waliowahi kukaa na njaa, sahani yenye ukungu, na msongamano. Njaa ni mbaya hasa, kwa sababu nayo peke yake hubadilisha RNA ndogo za vizazi vijavyo. Maabara ya Oded Rechavi, Tel Aviv, ililionyesha hilo mwaka 2014.

Ni kweli minyoo waliokula wenzao walipata kumbukumbu zao?

Hii ndiyo hadithi kongwe kuliko zote. Mhusika ni planaria, mnyoo bapa wa maji baridi (yasiyo ya chumvi). James McConnell wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akiwapiga mwanga pamoja na shoti ndogo ya umeme hadi wajikunje kwa mwanga peke yake. Mwaka 1962 aliripoti kwamba planaria waliolishwa vipande vya wenzao waliofunzwa walijifunza haraka kuliko waliolishwa vya wasiofunzwa.

Wengine walipojaribu, mambo yakawa magumu. Mwaka 1964 ilichapishwa kazi iliyoongeza makundi ya kulinganishia: planaria walioliwa baada ya kumulikwa tu, au kushikwashikwa tu, bila mafunzo yoyote. Walaji wao nao walionekana "wajanja". Maana yake, huenda kilichopita ni hali ya kuchangamka kwa jumla, bila somo lolote ndani yake. Wapo pia walioshindwa hata kuwafunza planaria tangu mwanzo. Planaria hubadilika kwa joto, kwa njaa, kwa wakati wa siku, na hata kwa utelezi ambao wenzao wameuacha kwenye chombo. Ukitumia chombo kilichopitiwa na planaria wengine, anayekuja baadaye hutulia na kufunzika kwa urahisi zaidi. Ukiosha chombo cha kundi moja na kusahau cha jingine, tayari umepata "matokeo".

Msimamo wa leo: kuhamisha somo mahsusi kwa njia ya kula hakujathibitishwa.

Na planaria aliyekatwa kichwa, hukumbuka?

Hapa ushahidi ni mzuri zaidi. Mwaka 2013 Tal Shomrat na Michael Levin wa Chuo Kikuu cha Tufts walitumia mashine kuwafunza na kuwapima planaria, ili mkono na jicho la mtu visiingilie. Walizoeshwa kwa siku 10 kula ini kwenye sahani yenye sakafu ya kukwaruza. Uzoefu huo ulidumu angalau siku 14, muda unaotosha kichwa kipya kuota. Baada ya kukatwa kichwa na kuotesha kingine, hawakuonyesha tofauti moja kwa moja; ilibidi wapewe kikao kifupi cha kukumbushwa, ndipo wakawapita wenzao ambao hawakuwahi kuzoeshwa.

Hilo ni jambo la nne katika orodha yetu ya mwanzo, si urithi. Ingawa planaria wengi huzaliana kwa kujikata vipande viwili, kwa hiyo mpaka kati ya "mimi" na "mwanangu" kwao ni mwembamba sana.

Naweza kulifanya jaribio hilo na wanafunzi wangu?

Unaweza, bila umeme. Tafuta planaria chini ya mawe katika kijito safi chenye maji ya baridi. Tundika kipande cha ini bichi kwenye kitambaa chenye matundu kwa saa kadhaa. Vaa mabuti ya mpira na glavu: mito na maziwa mengi ya Afrika Mashariki yana kichocho, na hili si la kupuuza. Usichanganye planaria na ruba. Ruba ana vinyonyeo kwenye ncha zote mbili na hutembea kwa kujikunja. Planaria huteleza kama tone la mafuta, na wengi wana macho mawili madogo.

Waweke kwenye maji ya chemchemi. Ya bomba yaache wazi saa 24 hadi 48 klorini itoke. Giza au kivuli, nyuzijoto 18 hadi 22. Walishe ini mara moja kwa wiki. Baada ya saa 2 toa mabaki na badilisha maji. Wengi hufa kwa sababu ya ini lililooza kuliko kwa njaa.

Gawa makundi mawili ya planaria 20. Kundi A likae siku 10 kwenye chombo ulichokikwaruza sakafu kwa msasa. Kundi B kwenye chombo laini. Chakula kiwe sawa kabisa. Kisha acha kulisha kwa siku 7, na mpime kila mmoja kwenye sahani iliyokwaruzwa, kipande cha ini kikiwa kwenye robo moja iliyomulikwa. Planaria hukimbia mwanga, hivyo aliyezoea mahali ndiye anayethubutu mapema. Andika sekunde. Baadaye kata vichwa kwa wembe mpya, mnyoo akiwa juu ya kioo kilichopozwa kwa barafu, subiri siku 14 wote wakiwa kwenye vyombo laini, wape wote kikao kimoja cha kula kwenye sahani iliyokwaruzwa, kisha pima tena.

Anayeshika saa asijue mnyoo ni wa A au B. Mpe mwanafunzi mwingine kazi ya kuficha majina. Osha sahani kila mara. Ukipuuza haya mawili, usijisumbue na mengine.

RNA ya konokono iliyohamisha kumbukumbu ni habari gani?

Mwaka 2018 maabara ya David Glanzman, UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles), iliwapiga shoti mkiani Aplysia, konokono wa baharini. Aliyepigwa huwa mwoga: ukimgusa, hujikunyata kwa karibu sekunde 50, wakati asiyepigwa hujikunyata sekunde 1 tu. RNA kutoka neva za waliopigwa ilidungwa kwa wasiopigwa, nao wakaanza kujikunyata kwa takriban sekunde 40.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Hicho ndicho kilichohamishwa: mshtuko wa jumla. Hakuna aliyeonyesha kuwa konokono aliyedungwa "anajua" alipigwa wapi au na nini.

Wadudu je?

Inzi wa matunda wa kike wakiwekwa pamoja na nyigu wanaotaga mayai ndani ya mabuu yao, huanza kutaga kwenye chakula chenye kileo, kwa kuwa kileo huwadhuru watoto wa nyigu. Kazi ya mwaka 2019 ilionyesha upendeleo huo ukiendelea kwa vizazi 5 kupitia upande wa mama, bila wazao kuona nyigu.

Kipepeo Bicyclus anynana, mwenyeji wa Afrika Mashariki mwenye madoa kama macho mbawani, amechunguzwa sana Singapore. Viwavi waliolishwa majani yaliyopakwa harufu ngeni waliizoea, na watoto wao wakaonyesha upendeleo kwa harufu hiyo. Kumbuka lakini onyo la kizazi cha kwanza.

Mbu wanarithisha woga wa chandarua?

Swali zuri, na jibu lina uzito kwetu. Mbu mmoja mmoja hujifunza: Aedes aegypti aliyeponea chupuchupu kwenye dawa anaweza kuikwepa harufu yake baadaye. Lakini usugu wa mbu wa malaria dhidi ya dawa za vyandarua ni jambo tofauti. Huo ni mabadiliko ya DNA yenyewe. Mojawapo, liitwalo kdr, lina umbo lililotambuliwa kwanza kwa Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya mwaka 2000. Wasio nalo hufa, walio nalo huzaa. Hakuna mbu aliyefunzwa hapo. Dawa nazo kwa kawaida hujaribiwa kwa mbu waliokuzwa kutoka mayai au mabuu, ili umri wao ujulikane.

Viumbe visivyo na ubongo kabisa?

Konyeza (jeli wa majini) Tripedalia cystophora hana ubongo wa katikati, lakini kazi ya mwaka 2023 ilionyesha hujifunza kukwepa vizuizi. Ukungu ute Physarum, ambaye si mnyama, huzoea chumvi njiani kwake. Akigusana na asiyezoea na kuungana naye kwa angalau saa 3, yule mgeni naye hupita kwenye chumvi bila kusita. Wakitenganishwa kabla ya saa hizo, hapati kitu: mishipa ya kuwaunganisha inakuwa haijaota.